Sajini na Hewa ya Ploti

Niseme wazi tangu mwanzo: Sajini alikuwa mtu wa kuchosha. Siku hizi nikikutana na watu wa ploti yetu ya zamani ya kupanga, pale Majengo, wakianza kumsifu, wanamsifu kana kwamba walikuwa wanamkimbilia kila akitokea mlangoni, na mimi nacheka peke yangu kwa maana nilikuwa nao tukijificha bafuni. Ukimsalimu Sajini asubuhi umejitakia. Utapewa habari za maji, za baridi ya huko juu mlimani, za askari wa zamani na jinsi wa leo walivyoharibika, na utasimama hapo na ndoo yako mpaka vidole vife ganzi. Kisha ghafla anasema, "Ova." Ananyamaza kabisa, anakutazama machoni. Hapo zamu ni yako, na hata useme upuuzi wa namna gani, hakuingilii mpaka umalize.

Alikuwa polisi mstaafu. Si wa kukimbizana na wezi. Alikuwa wa redio, yule anayekaa chumbani na vifaa masikioni, anaita vituo na vituo vinamjibu. Aliletwa Nyeri kikazi akiwa kijana kutoka magharibi, akastaafu papa hapa, akakodi vyumba viwili vya chini vilivyopakana na changu, na kufungua kibanda langoni cha kutengeneza redio na spika za watu. Kikuyu chake kilitosha kununua viazi na kukosana na muuzaji. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi, cha kuamrisha, ila ukikisikiliza sana unasikia mle ndani mtu mpole.

Hiyo ova yake, neno la redio la kumaliza zamu, ilituambukiza sote. Mama Wanja, mama wa Mukurweini aliyekuwa na kibanda cha chakula mbele ya ploti, alikuwa anapiga kelele mpaka barabarani, "Githeri imeisha, ova!" Watoto walikuwa wanamaliza sala ya chakula kwa ova badala ya amina. Mimi mwenyewe nilimwambia mratibu wangu wa kazi aliyeko Nairobi ova kwenye simu, akaniuliza kama niko sawa.

Alikuwa na maneno manne aliyoyarudia kama mtu anayehesabu shanga: sikiza, bonyeza, sema, achia. Ndiyo sheria ya redio ya mkononi, alituambia. Sikiza kwanza kama kuna mtu hewani. Bonyeza kibonyezo. Sema neno lako, fupi. Halafu achia. "Watu wengi wanajuanga hizo tatu za kwanza," alikuwa akisema. "Hiyo ya nne ndiyo inawashinda. Kama hujaachia kibonyezo, wewe ndiwe umefunga kila mtu mdomo, na hata hujui."

Hapo lazima asimulie kisa cha askari mmoja wa kituo fulani cha huko nje, hakukitaja, aliyekalia redio yake bila kujua. Kibonyezo kikabaki kimebanwa chini ya makalio. Asubuhi nzima vituo vyote vya eneo vilimsikiliza bwana huyo akiimba nyimbo za harusi na kubishana na mpishi juu ya nyama, na hakuna aliyeweza kumwambia nyamaza, kwa sababu hewa ilikuwa yake. Sajini alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Tulikuwa tumesikia kisa hicho mpaka tunakijua kwa moyo, na bado tulikuwa tunacheka, kwa jinsi alivyoiga kile kitako.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa haki kila mahali. Kwenye foleni ya maji, naam, alikuwa malaika. Maji yakija alisimama pale kwenye mfereji na pulova yake ya zamani, viatu vyake vyeusi vimeng'arishwa hata katikati ya tope, na hakuna aliyejaza pipa kabla mwenye ndoo hajapata. Hata mwenye ploti alirudishwa nyuma siku moja. Ila gazeti lake hukuligusa. Alilisoma mpaka matangazo ya vifo na viwanja, akalikunja, akalikalia. Na kanisani, masikini, aliimba besi juu ya watu wote, akamaliza ubeti baada ya kwaya kumaliza, halafu akatazama huku na huku akishangaa ni nani anayechelewesha wimbo.

Na mkewe je? Sajini hakuwahi kumngojea amalize neno.

Hilo sikuliona mapema, na naona aibu kidogo nikilikumbuka, maana tulipakana ukuta na nilisikia kila kitu. Mama Sajini, ndivyo tulivyomwita mkewe, alikuwa amepata kiharusi kabla hawajahamia kwetu. Upande wa kulia ulilegea, na maneno yakawa yanamjia kama maji ya mfereji wetu: tone, kimya kirefu, tone. Akili yake ilikuwa pale pale, kali. Macho yake yalikufuata chumbani na hayakukosa kitu. Ila alianza neno, silabi ya kwanza ikatoka, na kabla ya ya pili Sajini ameshamjazia. Akisema "ma," Sajini yuko mlangoni na maji. Akisema "ka," utasikia, "Kahawa! Nakuletea sasa hivi." Mama akaletewa kahawa. Alifumba macho, akainywa. Sisi majirani tulisema, jamani, yule mama anapenda kahawa.

Wala hakuwa mume mbaya. Nitamgombeza mtu yeyote atakayesema hivyo. Alimwogesha, alimsuka nywele vibaya vibaya kwa vidole vile vya kutengeneza redio, alimtoa juani kila asubuhi. Nadhani kile kimya ndicho kilichomtisha. Mtu aliyeishi miaka yote kwa kuita na kujibiwa, kituo kikikaa kimya sana anajua kuna jambo baya.

Na ndiyo sababu ya kamera. Aliipata kwenye maduka ya mitumba mjini: kamera ndogo nyeupe isiyo na waya, na kiskrini chake ukubwa wa sabuni. Kamera akaifunga kwenye ukuta wa chumba cha kulala, taa yake nyekundu ikiwaka juu ya kitanda, ikiegemea ukuta huo huo ambao upande wa pili ni meza yangu. Kiskrini akakiweka kibandani katikati ya redio zilizofumuliwa. Akishika koleo jicho moja liko kwenye kazi, la pili liko kwa mkewe. Mteja akimsifia kazi, yeye anamwonyesha kiskrini. "Tazama. Amegeuka, sasa analalia upande wa kushoto." Tuliona ni jambo zuri, na lilikuwa jambo zuri.

Shida ya ploti ilianza na raha. Kampuni moja ya intaneti ilivuta waya mpaka mtaani kwetu, na muda si muda kila chumba kikawa na rauta yake ukutani, kile kisanduku chenye taa za kumetameta. Mwanzoni ilikuwa sherehe. Halafu mambo yakaanza kukwama. Jioni mpira unasimama, mguu wa mchezaji uko juu, na huku wa ghorofani wameshapiga kelele za bao. Kila mtu akafanya anachofanya mtu asiyesikika: akapaza sauti. Mmoja akanunua rauta ya antena ndefu, jirani yake akanunua ya antena ndefu zaidi. Wengine wakaleta vile vidude vya kuchomeka ukutani, vya kuongeza nguvu. Na kadiri tulivyoongeza nguvu ndivyo ilivyokwama zaidi, mpaka tukaanza kushukiana wizi wa waifai na kupishana ngazini bila salamu.

Kwa wenzangu ilikuwa mpira na filamu. Kwangu ilikuwa unga. Mimi ni mkalimani wa lugha ya ishara, na kazi yangu huifanya kwa video. Kiziwi yuko kliniki Nanyuki au Karatina na daktari wake. Mimi niko chumbani kwangu Majengo mbele ya tableti ya ofisi. Daktari akisema, mikono yangu inamwambia mgonjwa. Mgonjwa akijibu kwa mikono, mdomo wangu unamwambia daktari. Tableti yenyewe haina tundu la waya, na mtandao wa simu pale chini kwetu ulikuwa wa kubahatisha. Nilitegemea waifai tu.

Siku moja nilikuwa na mama mjamzito wa Nanyuki, mgonjwa wangu wa kila mara. Daktari alimwambia asimeze dawa za zamani pamoja na hizi mpya. Nikaashiria dawa za zamani, nikaashiria hizi mpya, nikaashiria kumeza pamoja, na neno la kukataza, ambalo huja mwishoni, likabaki Majengo. Picha iliganda. Ilipofunguka, yule mama alikuwa ameitikia kwa kichwa kwamba ameelewa na ameshashika mkoba wake. Nilipunga mikono kama mwendawazimu, nikamwita daktari kwa sauti, na kwa bahati yake na yangu yule mama akageuka kutazama skrini tena. Nilimrudishia neno la kukataza, kisha nikakaa sakafuni.

Mratibu wangu hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema taratibu, "Ikikatika tena, dada, zamu zako za asubuhi tutampa mtu mwingine. Si kwa ubaya. Ni maisha ya watu." Alikuwa na haki. Nilijua vilevile kwamba zamu za asubuhi zikienda, kazi yote imeenda.

Nilimwambia Sajini nikiteka maji, si kwa kutaka msaada, ila kwa kuwa alisema ova na ilikuwa zamu yangu. Alitua ndoo yake, na Jumapili baada ya kanisa akatuita sote pale kwenye kamba za nguo.

"Stesheni zote," alisema. Kweli, ndivyo alivyotuita. "Hewa iko na wenyewe. Polisi wako na yao, ndege ziko na zao, redio za muziki ziko na zao, na kila mmoja ameomba ruhusa ya serikali. Lakini kuna kipande kidogo serikali imesema, hii ni ya kila mtu, msiombe ruhusa. Hapo ndipo waifai yenu inakaa. Sasa nyinyi mkisikia ya kila mtu, mnaelewa ati ni yangu."

Watu wakacheka.

"Hizo rauta ziko na adabu kuwashinda," akaendelea. "Kila moja inasikiza kwanza. Ikisikia mwenzake anaongea, inangoja. Akiachia, ndiyo inasema. Sasa nyinyi mmezirundika zote mahali pamoja, halafu mkazipatia mdomo mkubwa. Zote zinasikiana, zote zinangoja. Ova."

Alikuwa na simu ambayo binti yake wa Naro Moru alimwekea programu ya kuonyesha rauta zote zilizo karibu. Akatupitishia tuone. Zilikuwa zimelaliana kwenye njia moja, vile vile zilivyotoka dukani, mfano wa kanisa ambalo watu wote wamebanana kwenye benchi moja na mengine yako wazi. Njia zisizogongana ni tatu tu, akasema, kwa hiyo tutagawana: ghorofa njia moja, vyumba vya chini njia moja, na ile ya tatu ya upande wa nyuma. Vidude vya kuongeza nguvu, chomoa vyote. "Rauta ya chumba moja inataka kusikika Othaya ya nini?"

Alizunguka chumba kwa chumba akibadilisha, akisema na kila mtu mpaka mtu anajuta kuzaliwa. Alipofika kwangu, akainama kunong'ona kama anayegawa siri ya serikali. "Madam, wewe unafanya kazi ya hospitali. Nimekupatia hiyo ya tatu, wewe na ile stoo ya nyuma tu. Hapa hakuna mtu. Barabara safi." Akanionyesha kwenye simu. Kweli, palikuwa peupe.

Jioni hiyo ploti ilifufuka. Mpira ulitembea, watu wakaanza kusalimiana tena. Kwangu ilikuwa afadhali ya jana. Picha ilikwama ikaenda, ikakwama, na nikitazama ile simu ya Sajini, njia yangu bado ilikuwa nyeupe, hakuna mtu. Nilimwomba mratibu anipe likizo ya siku chache, nikasingizia meno.

Sajini alilichukua kama tusi. Mtu wa redio kushindwa na hewa! Alizunguka na uso umekunjamana, akanusa kila kitu, na mwisho akaangukia mikrowevu ya Mama Wanja. Ni kweli mikrowevu nayo hupiga kelele kwenye kipande hicho hicho cha hewa, lakini ni kelele ya kupasha sahani moja. Sajini hakutaka kusikia. Alimpiga marufuku kuiwasha kabla ya saa sita.

"Ati mikrowevu yangu ndiyo inakura intaneti?" Mama Wanja aliuliza, mikono kiunoni. "Sasa watu wangu wa asubuhi nitawapashia na nini, na pumzi?"

"Ni kwa ajili ya kazi ya madam. Ova."

"Ova yako peleka kwako!" Lakini aliizima. Alinitazama bila ubaya, akaenda kuwasha jiko la makaa, na moshi wake uliniingia dirishani kila asubuhi nikikohoa kwa aibu. Na picha iliendelea kukwama vilevile.

Ijumaa mratibu alipiga. Jumatatu yule mama wa Nanyuki ana kliniki, ananitaka mimi, ananijua mikono. Je, meno yamepona? Nikasema yamepona. Nilipokata simu nikaenda kibandani kwa Sajini, nikamwambia ukweli kwamba Jumatatu ndiyo mwisho wangu, kwa njia moja au nyingine.

Jumamosi asubuhi alitutoa wote nje. "Leo tunafanya kama kule kazini," alisema. "Kukiwa na fujo hewani, kila stesheni inanyamaza. Kila stesheni. Halafu tunasikiza." Nilikuwa nimesimama uani na tableti, nimepigia mkalimani mwenzangu wa Karatina kwa video, anaashiria sentensi moja tena na tena ili tujaribu. Sajini akaita chumba kwa chumba.

"Ghorofa, mbele!"

"Imezimwa, ova!"

"Ghorofa, nyuma!"

"Imezimwa!"

"Sema ova!"

"Ova, mzee!"

Mama Wanja alikuwa amechomoa mpaka friji, kwa hasira. Ikabaki rauta yangu peke yake kwenye ploti nzima. Nikatazama skrini. Mikono ya mwenzangu ilitoka hapa ikaruka pale, ikaganda. Nikatikisa kichwa. Machozi yalinitoka mbele za watu na sikujali kuyafuta.

Hapakuwa na sauti yoyote. Hakuna spika, hakuna televisheni, hakuna redio. Sijawahi kuisikia ploti ile ikiwa kimya hivyo. Na ndani ya kimya hicho, kutoka dirishani kwa Sajini, tukasikia sauti ndogo.

"Ka..."

"Kahawa! Nakuja, mama," Sajini akajibu, ameshageuka.

"Sajini!" Mama Wanja alimkemea hivi kwamba hata kuku walitawanyika. "Wewe kila siku unatuambia achia, achia. Achia! Wacha mama amarize!"

Sajini alisimama mguu mmoja mbele. Nilimwona akifungua mdomo, akaufunga. Tulisimama wote na rauta zetu zilizozimwa, tukingoja. Nakuambia ni vigumu kungoja neno la mtu mwingine; ulimi wako mwenyewe unawasha. Mtoto mmoja alitaka kusema kitu, mamake akamfunika mdomo.

"Ka... me..."

Kimya.

"Ra."

Sajini alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Woi," alisema. "Woi, woi. Kibonyezo."

Alikuwa ameiacha ikiwaka kwa sababu haikuwa intaneti. Ilikuwa ya mama. Akilini mwake haikuwa hata redio, yeye aliyejua redio kuliko sisi sote. Na kamera ile ya zamani haina adabu ya rauta: haisikilizi kwanza, haingoji, haiachii. Inasema tu, mchana kutwa, juu ya njia ile ile ya tatu, nyuma ya ukuta wangu. Simu yake haikuiona kwa sababu simu inazitambua rauta tu, na ndiyo maana palionekana peupe. Aliponipa barabara safi alikuwa ananiweka chini ya kamera yake.

Akaingia ndani mbio. Tukaona taa nyekundu ikizimika dirishani. Na kwenye tableti yangu mikono ya mwenzangu wa Karatina ikaachiliwa, ikatembea, kila kidole mahali pake, laini. Alikuwa anaashiria, unaniona sasa? Unaniona? Mbona unalia? Mikono ya kumjibu nilikuwa nimeifunikia uso.

Sajini alitoka. Alijinyoosha, visigino pamoja, viatu vinang'aa. "Stesheni zote, stesheni zote. Kosa ni yangu. Narudia, kosa ni yangu. Mama Wanja, washa mikrowevu. Ova."

"Imepokerewa," Mama Wanja akasema. "Lakini wewe leo unakula githeri baridi." Na alimpa baridi kweli, akaila yote.

Baadaye Mama Sajini alitueleza, tone kwa tone, siku nzima ikapita. Sajini akiwa chumbani naye alikuwa anaizima kamera, na nyimbo za intaneti ambazo binti yao alimfungulia mama kwenye simu zinaimba vizuri. Akienda kibandani anaiwasha, taa nyekundu inawaka, nyimbo zinakatika. Habari zangu mama alizisikia kupitia ukutani. Alikuwa amejua wiki zote hizo, na kila alipojaribu kusema aliletewa kikombe. Hata kahawa yenyewe haipendi, inamwamsha usiku. Sajini aliposikia hilo aliondoka akaenda kusimama mferejini peke yake, na hakuna aliyemfuata.

Alinunua kamera nyingine ya waya, akatoboa ukuta, akauvuta waya mpaka kibandani. Jumatatu yule mama wa Nanyuki alikaa mbele ya daktari, akanichekea kwenye skrini. Daktari alirudia habari za dawa. Neno la kukataza lilitoka mikononi mwangu likafika. Nilimwona akilipokea, akaliashiria tena mwenyewe ili nihakikishe, na nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu siku ile ya mkoba. Baadaye alijifungua salama, na mimi ndimi niliyemwambia kwamba ni msichana.

Kwa upande wa pili wa ukuta mambo yalibadilika polepole. Nilikuwa nikisikia silabi, halafu kimya, halafu Sajini akianza "Ka—" na kujimeza. Kukohoa. Kiti kikilia. Wakati mwingine alishindwa, akasema kahawa, na nikamsikia mama akicheka.

Kisha nikahama Majengo, nikapata chumba karibu na mjini, na kama ilivyo kawaida nikaacha kupita. Mwaka huu nilikutana sokoni na aliyekuwa mlinzi wa ile ploti, sasa anauza vitunguu. Nikauliza Sajini hajambo? Akatazama chini akipanga vitunguu vyake. "Sajini alituacha," alisema.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nilishika meza ya mwenye nyanya. Nilifikiria viatu vile, na mama, na ni nani atakayengoja silabi ya pili sasa. Mlinzi aliendelea na vitunguu. "Eeh, alituacha na hicho kibanda hivyo hivyo, akaenda kwa msichana wake Naro Moru. Ati huko kuna hewa."

Nilimpiga begani kwa kiganja, mtu mzima yule, mbele ya watu. Mbona husemi alihama! Naye akabaki kushangaa amekosea wapi.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Naro Moru na mkate wangu na majani ya chai. Nilimkuta Sajini kwenye baraza ya bintiye, amekonda, pulova ile ile, mezani kuna redio za mkononi za wapagazi wa mlimani zimefumuliwa. Alisimama akanipigia saluti. Kisha akaanza: barabara, baridi, wapagazi wanaotumbukiza redio kwenye supu. Nilisimama na mkate wangu mpaka mkono ukafa ganzi, na sijawahi kufurahi kuchoshwa kama siku ile.

"Ova," alimaliza.

Kabla sijajibu, Mama Sajini alijivuta mbele kwenye kiti chake palepale kando. Alinitazama kwa yale macho yake.

"Ka..." alisema.

Sajini hakusogea. Koleo lilikuwa mkononi mwake na halikutikisika. Mbele ya nyumba pikipiki ilipita, ikaisha. Nilijua neno lenyewe, mtu yeyote angelijua, na nilikuwa karibu kulijibu.

"Ka... ri... bu," mama alisema.

Nilifungua mdomo niseme asante. Sajini aliinua kidole.

"Ngoja," alininong'oneza. "Hajasema ova."

Mama alicheka mpaka mabega yakatikisika, upande mmoja kuliko mwingine. Alijifuta macho kwa mkono wake mzuri. Akavuta pumzi. Tukamngojea.

"Ova."